Nusu ya Memori ya Bi Tamima

"Nusu nzima, Mbarouk! Ungeiba robo ningesema shetani kakupitia. Lakini nusu!"

"Bi Tamima, mimi kwako sijachukua hata skrubu."

"Basi imekwenda wapi? Imepanda boti?"

Hapo ni dukani kwa Bi Tamima, chini ya majumba marefu ya Michenzani, Unguja, mwaka ule wa elfu mbili na nne. Kazi yake kutengeneza video za harusi. Kompyuta aliinunua ina vipande viwili vilivyo sawa vya memori, kumbukumbu ya kufanyia kazi, na kila ikiwashwa kioo kilihesabu megabaiti mia tano na kumi na mbili. Asubuhi hiyo kilifika mia mbili na hamsini na sita kikanyamaza, na bibi harusi aliyekuwa akishuka ngazi kwenye video akaganda mguu juu, kama aliyeona mjusi. Na mtu wa mwisho kuifungua mashine ile, mwezi uliopita, kupuliza vumbi, ni Mbarouk.

Mbarouk huyu ni mtoto wa mtaa wa Mpendae, baba yake Muhiddin fundi baiskeli. Kompyuta hakuisomea popote. Alianza na redio. Ipo moja ilizama baharini siku saba. Alipoifungua walitoka kamba wawili, ikafuata taarifa ya habari. Asiyeamini akawaulize kamba. Lakini miaka yote hiyo hakuna aliyesema kitu chake kimerudi kimepungua. Skrubu ikibaki, huizungushia karatasi akamrudishia mwenyewe, hata kama mwenyewe haijui ilikuwa ya wapi.

Ndiyo maana maneno yale yalimchoma. Tena siku yenyewe mbaya: barua yake ya posa ilikuwa mikononi mwa Sleiman, kaka yake Bi Tamima, Mbarouk anamposa Basma, binti wa Sleiman huyo. Jibu lilikuwa litoke Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Na kaka nshamwita," Bi Tamima akasema, akikaza buibui lake. "Aje amtazame vizuri huyo mkwe."

Mbarouk akachukua bisibisi. "Basi niifungue mbele ya macho yako."

"Fungua. Mimi natazama mikono, uso wako nishaujua."

Akafungua. Vipande vyote viwili vimo.

"Si hivi hapa, Bi Tamima?"

"Viwili ndiyo. Kibovu umetia wewe, kizima kiko kwenu Mpendae."

Akaacha kimoja peke yake, akawasha. Mashine ikaamka salama. Akakitoa, akatia cha pili. Kioo kikabaki cheusi, mashine ikalia pii, pii, pii.

"Umeisikia? Hata yenyewe inakutaja!"

Mbarouk aliizima mashine. Alikichomoa kile kipande, akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Ile safu ya meno ya dhahabu yanayoingia kwenye mashine ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa. Akapitisha kidole, kikanata. Akanusa. Akanusa tena, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akatabasamu.

"Bi Tamima, mashine hii unaifukiza?"

Bi Tamima akaona haya, jambo ambalo jirani zake walikuwa hawajapata kulishuhudia.

"Kila Alhamisi," akasema mwisho. "Harusi za watu zinapita humo, husda je? Naweka chetezo cha udi chini ya meza, pale penye feni yake, ivute yenyewe."

Na udi wa Bi Tamima si wa mchezo. Ukifukizwa Michenzani, watu wa Bububu, maili kadhaa huko, huulizana nani anaolewa. Feni ilivuta Alhamisi baada ya Alhamisi, utomvu ukaganda kwenye kipande kilichokuwa karibu nayo, mashine ikawa haikioni tena.

Mbarouk akatoa mfukoni raba ya kufutia penseli. Akayasugua meno yale taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Raba ikawa nyeusi, meno yakang'aa. Akasafisha na tundu lake kwa brashi, akarudisha vipande vyote viwili, akasema bismillahi, akawasha.

Kioo kikahesabu. Mia mbili na hamsini na sita, kikapita. Mia tano na kumi na mbili.

Alipoifungua ile video, bibi harusi akashusha mguu, akamaliza ngazi zake.

"Mwanangu," Bi Tamima akasema, sauti imeshuka, "nisamehe. Ulimi wangu huu una mbio kuliko miye."

"Mimi nishakusamehe. Lakini Bwana Sleiman yuko njiani."

"Nitamwambia mwenyewe, kwa kinywa hiki hiki."

"Utamwambia nini, Bi Tamima?"

"Nitamwambia kwamba..."

Mlango ukasukumwa bila hodi. Sleiman akaingia, bakora mkononi, kofia imemkaa upande kwa haraka aliyokuja nayo.

"Huyo mwizi yuko wapi?"

Bi Tamima akainama chini ya meza, akatoka na chetezo, majivu yanammwagikia kwenye buibui, akakinyanyua mpaka puani kwa kaka yake.

"Huyu hapa."