Laini Niliyomchagulia Mdogo Wangu

Siku tuliyokwenda kutafuta laini ya simu nilimzaba mdogo wangu kibao mbele za watu, pale Somanda, mjini Bariadi, kwenye kibanda cha simu. Hicho kibao sikijutii. Alikuwa anakwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, hati ya kusafiria anayo mkononi, na alikuwa anachekacheka kama anakwenda harusini. Wakala aliyemtafutia kazi alimwahidi kwamba akifika atapewa laini ya kule bure, imesajiliwa kwa jina la tajiri wake. "Dada, ya nini kujisumbua? Wenyewe watanipa." Ndipo mkono ukaniponyoka. Nikamwambia laini yenye jina la mtu ni ya mtu huyo. Siku akikasirika anaichukua, na wewe unabaki kuongea na ukuta.

Kwetu tunapigana, wala sisemi kwa kujisifu. Baba alituchapa kwa fimbo ya ng'ombe, mama kwa mwiko, kaka zetu walivunjana mbavu mpaka majirani wakachoka kuja kuamulia. Mdogo wangu aliwahi kuolewa, akarudi nyumbani jino moja halipo na uso umevimba. Kwa hiyo mimi kipigo nakijua. Nilijua anakokwenda anaweza kupigwa, na nilitaka akipigwa tu, sisi tusikie siku hiyohiyo. Mengine yote ya safari nilimwachia yeye na wakala wake.

Kijana wa kibanda alitupa njia mbili. Ya kwanza, anunue laini ya kule akishafika, bando lake rahisi, tutaongea naye kwa intaneti mpaka tuchoke. Ya pili, aende na laini yake hiihii ya nyumbani, iwashwe hapahapa kabla hajaondoka ili ifanye kazi nje ya nchi, na iwekwe salio la kutosha. "Ila hiyo inakula," akasema. "Akipiga anakatwa, na akipigiwa pia anakatwa. Salio likiisha, hapigi wala hapigiwi."

Nikachagua ya pili. Msinione mjinga. Mama yetu yuko Lalago, simu yake ni kitochi, hiyo intaneti ataipitishia wapi? Tena namba asiyoijua hapokei. Aliwahi kupigiwa na matapeli wakamwambia mwanao kapata ajali, tuma hela ya matibabu, na tangu siku hiyo namba ngeni ikiita anaitukana kwanza, halafu anaizima. Namba ya mdogo wangu anaijua kwa picha ya ua niliyomwekea. Nikampa mdogo wangu sharti moja tu: "Ukiguswa, piga, sema nimepigwa, taja mtaa, taja nyumba, kata. Maneno matatu. Usianze hadithi." Akaitikia.

Miezi miwili ya kwanza alipiga mara chache, vizuri tu. Mwezi wa tatu nilikuwa Lalago kumsaidia mama kuchuma pamba. Asubuhi, kabla hatujaingia shambani, ua likawaka kwenye kitochi. Mama akaweka sauti ya juu, akaishika simu mbele ya mdomo kama anayetaka kuing'ata.

"Mwangaluka, mayu," sauti ya mdogo wangu ikasema. Ndiyo salamu yetu ya asubuhi kwa mama. Mama akaitikia. Akauliza umelalaje. Mdogo wangu akajibu, naye akauliza baba kaamkaje. Mzima. Kaka? Wazima. Ng'ombe je? Wazima, ila yule mwekundu anachechemea. Na nyuma ya sauti yake nikasikia kitu kinagonga. Si hodi ile ya watu. Mlango ulikuwa unapigwa kwa kitu kizito, na mwanamke anafoka kwa lugha nisiyoijua.

"Sema!" nikapiga kelele. "Wewe, sema! Nini hicho? Mama, mwache aseme!"

Mama akanisukuma kwa kiwiko. Kwetu salamu haikatwi. Unaulizwa, unajibu, unauliza, mpaka muwamalize watu na mifugo, ndipo mtu anasema lililomleta. Anayeruka salamu ni mleta msiba, na mama hakuwa tayari kuletewa msiba na mwanawe mwenyewe. Akaendelea. Mashangazi wazima. Pamba nayo ipo, kidogo. Mimi nikazidi kupayuka, "Sema, sema, sema!" nikamrukia nimnyang'anye simu, akanikwepa, tukawa tunavutana kama watoto, kinywa changu kiko palepale kwenye simu. Mlango wa kule ukapasuka, nilisikia mbao. Halafu kimya. Si yeye aliyekata. Salio lilikuwa limeisha.

Nikakimbia mpaka kwenye kichuguu ambako mtandao wa simu yangu unashika, nikamnunulia salio. Mtandao ukazunguka, ukazunguka. Ujumbe wa kukubaliwa ulipoingia nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena mpaka kidole kikauma. Haipatikani. Nikarudi kwa mama, bado kasimama palepale na kikapu chake cha pamba, nikamwambia neno ambalo mtoto hamwambii mzazi. Nilimwambia, "Umemuua wewe, na salamu zako."

Alinipiga kwa mchi. Mara mbili, begani. Sikuinua mkono kujikinga, nilitaka anipige. Kisha akakaa chini, akapiga ukunga mpaka majirani wakaja wakidhani kuna maiti.

Kesho yake nilikuwa Bariadi, bega limevimba, nimesimama mbele ya meza ya wakala. Akaniambia nirudi baada ya wiki, mambo ya nje yana taratibu zake. Eti taratibu! Nikamkamata ukosi wa shati, nikamburuta mpaka nje, na meza yake ikapinduka na makaratasi yake yote. Hapo nje kuna kijiwe cha bodaboda. Nikalia kwa sauti, nikasema huyu kamuuza mdogo wangu. Wakashuka kwenye pikipiki mmojammoja. Mmoja akaokota tofali. Mnajua kwetu likirushwa la kwanza haliishi hilohilo. Nilimwona wakala akijikojolea, na nakiri nilifurahi. Nilikuwa na uwezo wa kusema neno moja tu, mtu akafa pale mchana kweupe, na hilo neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Sikulisema. Si kwa huruma, ni kwa sababu maiti haipigi simu. Nikamwambia, "Piga sasa hivi, hapahapa, tunasikia wote." Akapiga, mwenye tofali kasimama naye bega kwa bega. Akapiga kwa huyu, akapiga kwa yule, mpaka akapatikana mtu wa kule aliyesema msichana yuko hospitali, jirani alisikia vurugu akaita polisi. Yu hai. Nikaliachia shati. Nikakaa katikati ya barabara, na bodaboda wakawa wananizunguka taratibu.

Alirudi baada ya wiki kadhaa. Mkono wa kulia uliunga vibaya, mgongoni ana alama ya pasi, na sikio moja halisikii. Mama alimpokea akimpapasa kila mahali kama anayenunua mbuzi. Mimi na mama tulikuwa tunaongea kupitia watu wengine.

Nilivumilia siku nne. Siku ya tano tulikuwa wawili jikoni, tunachambua mchele, nikamlipukia. "Nilikwambia maneno matatu! Kwa nini hukusema? Ungemkatiza mama ukasema, ungekufa?"

Akaendelea kuchambua. Akasema kwa upole, "Dada, niseme ili iweje? Yule tajiri wangu alikuwa na mwiko wa chuma, mlango umeshaanza kupasuka. Ninyi mko Lalago. Mngefika saa ngapi?"

"Sasa ulipiga ya nini?"

"Nilijua ndiyo basi. Nikasema nisalimiane na mama." Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa mlangoni. "Ningemwambia napigwa, ningesikia kilio chake. Nilitaka nimsikie akiniuliza habari, vilevile kama siku zote. Alianza vizuri. Ila baadaye sikumsikia tena, ulikuwa unapiga kelele wewe."

Hakusema kwa kunilaumu, na afadhali angenilaumu. Ungo ulikuwa magotini mwangu, nikawa naangalia mchele, siuoni.