Picha sabini na mbili za gamba

Vibanio vya nguo vinalia ndani ya kopo la bati, tak, tak, tak. Ni saa kumi na moja alfajiri. Mwanamke mmoja anavihesabu kwa vidole gizani, bila kuwasha taa, ili mama mkwe wake aliyelala chumba cha pili asiamke.

Mama mkwe ameshaamka. Yuko macho tangu kopo lilipofunguliwa, na sasa anauliza kwa sauti kama leo ndiyo siku ya yule kobe.

"Ndiyo leo, Mama. Lala."

"Nitalalaje na wewe unanipigia ngoma?"

Mwanamke huyu ni dobi, ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Mtaani wanamwita Mnara. Ndege ikipita juu ya nyumba, yeye husema imetoka wapi, inakwenda wapi na imechelewa dakika ngapi, kama mnara wa kuongozea ndege. Wapo wanaomwita hivyo kwa mapenzi, na wapo wanaomwita kwa kumcheka. Wote anawaitikia.

Anabeba beseni na kupanda ngazi hadi juu ya paa la saruji, ambako kamba zake sita zimefungwa. Ana shuka arobaini za nyumba ya wageni, na lazima zikauke kabla ya saa saba mchana. Hiyo ndiyo kazi yake siku sita kwa wiki, mwaka wa ishirini na tatu huu. Mgongo umeanza kumdai mapumziko, naye anauahidi Jumapili. Jumapili ikifika anafua za majirani.

Fedha za Jumapili ndizo zilizonunua kamera. Alizikusanya miezi kumi na minane, akainunua kwa mpiga picha za harusi aliyekuwa akiacha kazi. Ni kuukuu na kioo chake kina mkwaruzo mwembamba kama unywele. Mpiga picha yule alimwongezea mkanda na begi bila kuombwa, na hadi leo dobi anamtaja kwa wema.

Kwa asiyejua, kuna watu wanaopenda ndege kama wengine wanavyopenda mpira. Hukaa karibu na kiwanja cha ndege, wakaandika namba ya usajili ya kila ndege na kuipiga picha. Kinachowatoa usingizini ni ndege yenye rangi maalumu. Shirika huwa na ndege nyingi za kufanana, kisha huchukua moja likaichora maua, wanyama au nyuso za watoto kwa sababu ya maadhimisho fulani. Baada ya mwaka mmoja, miwili au mitatu, rangi inakwanguliwa na ndege inarudi kuwa kama wenzake.

"Mimi nimezaliwa kuangalia nguo," anasema dobi. "Ndege zote zinapita zimevaa sare, halafu inatokea moja imevaa ya kwendea harusini. Nisitazame?"

Ya kwake ni Kobe. Miaka mitatu iliyopita shirika moja lilitimiza miaka hamsini, likaichora ndege yake kobe mkubwa wa kijani, mnyama wa umri mrefu. Abiria waliocheleweshwa walisema jina na mwendo vimekutana. Upande wa kushoto wa ndege, kobe amejificha ndani ya gamba, huoni kichwa wala mguu. Upande wa kulia ametoa kichwa na miguu, na anakimbia.

Hapo ndipo shida ya Mnara ilipoanzia. Ndege hutua ikiukabili upepo, na upepo wa mji huu hutoka mashariki karibu kila siku ya Mungu. Kwa hiyo ndege zote hupita mbele ya paa lake zikimwonyesha ubavu wa kushoto. Zikishagusa ardhi, maghala ya mizigo huzificha. Ana picha sabini na mbili za Kobe, na zote sabini na mbili ni za gamba.

Majirani wamemuuliza kama lile ni boga. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, aliuliza kama ni kofia ya pikipiki. Hata hivyo ni mume huyohuyo aliyechukua picha moja, akaikuza, akaitengenezea fremu kwa mabaki ya chuma na kuitundika juu ya meza ya kulia. Fremu ile ina uzito wa mlango. Alipigilia misumari sita.

Dobi aliwahi kujaribu kwenda upande wa pili wa kiwanja, ambako ubavu wa kulia huonekana. Kumbe upande ule kuna ulinzi na kibao cha kukataza picha, nacho kilikuwa kimefunikwa na majani. Walimkalisha saa mbili. Wakamuuliza kilichompeleka pale, akajibu ni upepo. Ofisa aliandika neno "upepo" kwenye fomu, akalitazama, akamtazama na dobi mwenyewe, kisha akafuta picha zote zilizokuwa kwenye kamera, hata za mtoto wa dada yake. Askari mmoja wa kike, binti mdogo tu, ndiye aliyemsogezea kiti kivulini na kumpa maji ya chupa yake mwenyewe. Alitaka kujua kama ni kweli kila ndege ina namba.

Swali linalomchosha dobi kuliko yote ni kama amewahi kupanda ndege. Hajawahi. "Wanaoshangilia mpira, wote wamecheza?" anauliza, na kibanio kiko mdomoni.

Mwalimu wake katika mambo haya ni mzee mmoja wa mtaa wa nyuma, wanamwita Mzee wa Mafuta. Kwa miaka ishirini na miwili alijaza ndege mafuta, na ovaroli zake zilifuliwa hapa. Zilinuka kiasi kwamba dobi alizifua zenyewe, mbali na nguo nyingine. Siku moja alimuuliza ndege za siku ile zilikuwa zipi. Mzee hakuwa amewahi kuulizwa hilo hata nyumbani kwake. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaeleza hadi jua likatua. Alipostaafu alimletea darubini yake, akasema macho yake hayaihitaji tena.

Akamwachia na sheria moja. Namba kwanza, picha baadaye. Picha isiyo na namba, alisema, ni sura ya mtu usiyemjua kwao. Dobi ameifuata sheria hiyo kama sala. Madaftari yake yamefika kumi na manne.

Mzee huyo ndiye pekee mtaani aliyekiona kichwa cha Kobe. Watu wa mafuta husimama chini ya bawa la kulia, naye aliijaza ndege hiyo mara nne kabla hajastaafu. Anasema kobe yule anakimbia amefumba macho, anatabasamu kama mtoto aliyelala. Kwa miaka mitatu dobi ameambiwa habari ya macho hayo.

Jumatatu iliyopita ujumbe uliingia katika kundi la simu la wapenda ndege. Kobe anapelekwa kupakwa rangi nyeupe, na Jumamosi ndiyo safari yake ya mwisho kuja hapa. Mmoja wao kutoka mji mwingine, mwenye picha za pande zote mbili, alijitolea kumtumia za upande wa kulia. Kijana alikuwa na nia njema. Dobi alimjibu kwamba picha ya mtu ni ya mtu, na akamwomba asimwambie lolote. Picha zilikuja hata hivyo. Hajazifungua.

Basi leo ndiyo Jumamosi. Saa mbili na nusu asubuhi, shuka zote arobaini zimevimba kuelekea magharibi, kama kila siku. Dobi anazitazama kwa chuki. Anasema ameishi na upepo huu miaka ishirini na tatu, umemkaushia nguo bila malipo, na hana haki ya kuulaumu. Kisha anaulaumu.

Saa tatu kasorobo shuka zinalegea. Zinaning'inia wima, kama nguo za mtu asiyekuwepo. Halafu ya kwanza inajaa upande wa pili, ikafuata ya pili, hadi kamba nzima ikageuka. Ndege ndogo ya abiria kumi na wawili inatokea mashariki, upande ambao hazitokei, na inamwonyesha ubavu wa kulia.

"Wamegeuza upande wa kutua," anasema polepole.

Upepo huo umekuja na wingu nyuma yake. Tone la kwanza linamwangukia kwenye daftari. Zimebaki dakika ishirini Kobe atue, na mikono yake ni miwili. Akianua shuka atakosa kobe. Akimngoja kobe, shuka arobaini za watu zitalowa.

Ndipo kunasikika manung'uniko kwenye ngazi. Mama mkwe, mwenye goti bovu, ambaye hajapanda paa hili mwaka mzima, anapanda kipandio kimoja kimoja na kukitukana kila kimoja. Anafika juu, anashika kamba kwanza ili apumue, kisha anaanza kung'oa vibanio.

"Simama na kobe wako huko," anasema. "Shuka niachie mimi. Na usinishukuru, nina hasira."

Ameshamwita na mwanawe karakanani. Mume anafika miwani ya kuchomelea ikiwa juu ya paji la uso, anaanza na kamba ya mwisho.

Kutoka tangi la maji la shule, upande wa mashariki, hadi ukuta wa ghala la kwanza, ndege inayotua huchukua sekunde tisa. Dobi amezihesabu kila mara upepo ulipogeuka. Kamera iko shingoni, darubini mkononi, daftari juu ya ukingo, kalamu ndani ya daftari. Saa tatu na dakika sita, kitu cha kijani kinatokea juu ya tangi.

Anainua darubini. Miguu ipo, inakimbia. Shingo ipo. Kichwa kipo. Anasoma namba mkiani, mkono unashuka kwenye daftari, unaandika herufi na tarakimu zote kwa mwandiko mzuri, unaweka na nukta. Kisha anainua kamera, na ndani yake kuna ukuta wa ghala.

Mvua inaanza.

"Umepata?" anauliza mama mkwe, uso wake umezungukwa na shuka.

"Nimepata namba."

"Hiyo namba si unayo?"

"Ninayo mara sabini na mbili, Mama."

Mume, ambaye ndoa yake ina miaka ishirini na minane na amejifunza mengi humo, anaendelea kukunja shuka. Zimelowa tatu tu. Anazibeba mwenyewe kwenda kuzikamua.

Mvua haidumu hata robo saa. Upepo unarudi kuvuma kutoka mashariki kana kwamba haujafanya lolote, na shuka zinaanikwa upya. Saa tano na nusu Kobe anaruka kuondoka, na kwa upepo ule anapita akionyesha ubavu wa kushoto. Dobi anampiga picha. Ya sabini na tatu. Halafu anakaa juu ya beseni lililopinduliwa na kujiuliza kwa sauti ni mwanamke gani anayeandika jina la mumewe kila anapomwona mlangoni, ndipo amtazame.

Saa nane, shuka zimeshapelekwa, anakwenda mtaa wa nyuma. Anakwenda kugombana. Njia nzima anapanga maneno, na yote yanahusu sheria fulani na mtu aliyeitunga.

Mzee wa Mafuta hatoki siku hizi. Miguu imevimba, na kitanda chake kimesogezwa dirishani ili asikie injini. Binti yake anamtengea mgeni kiti na kuwaacha. Dobi anayamwaga yote, upepo, mvua, goti la mama mkwe, nukta. Mzee anacheka hadi anashika mbavu, anakohoa, anaomba maji, anacheka tena. Dobi anamshikia kikombe, bado amenuna.

Mzee anapotulia anauliza kuhusu macho. Si yamefumba?

"Yako wazi, mzee wangu. Makubwa kama sahani."

"Yamefumba. Nimesimama chini yake mara nne."

"Chini yake uliona kidevu. Mimi nimemwona usoni."

Mzee anajiinua kwenye mto. Rangi inamrudia usoni, na binti yake anachungulia mlangoni kuona kulikoni. Mzee anasema mtu aliyekuwa akiandika hawezi kuwa shahidi wa macho. Dobi anasema mtu aliyekuwa akiangalia bomba la mafuta hawezi pia. Simu yake iko mfukoni, na ndani yake jibu lipo, picha sita hazijafunguliwa. Anaigusa kwa juu ya nguo, kisha anaondoa mkono.

Anamwambia mzee mpango wake. Ndege ile itarudi baada ya wiki tano au sita, nyeupe tupu, na yeye ataipiga picha pande zote mbili, siku yoyote upepo utakapokubali. Safari hiyo hataandika kitu. Namba ameshaijua, na kilicho chini ya ile nyeupe anakijua pia, ila macho tu ndiyo wanayobishania.

Jua limeshahamia mguuni mwa kitanda anaposimama. Ana nguo za kesho za kupiga pasi. Mzee anamwambia akae kidogo, naye anasema hawezi. Basi mzee anamshika mkono, ule mpana uliochakazwa na sabuni, na hauachi.

"Kesho kutwa uje tena," anasema. "Uje mapema. Yale macho yamefumba, na nina ushahidi ambao bado sijakwambia."