Jua Alilolingoja Baba

Harufu ya mafuta ya taa inanikera hadi leo. Hapa mjini Mpemba umeme ukikatika, jirani yangu huwasha koroboi, na moshi wake ukinifika tu narudi Ruanda, kijijini kwetu Mbozi, nimeinamia daftari huku pua imejaa masizi.

Baba alikuwa mkulima wa kahawa, na redio ndiyo ilikuwa shule yake. Betri zikichoka alizianika juani pamoja na kahawa, na ole wako uziguse. Jioni moja akasikia matangazo ya ng'ambo kwamba wataalamu wanajaribu kuunganisha viini vya atomu za haidrojeni, ile iliyomo kwenye maji, kama jua lifanyavyo kule juu. Umeme usioisha, na moshi hakuna. Mtangazaji akasema ni miaka si mingi ijayo. Baba alilala na maneno hayo akaamka nayo, akayahubiri hata kwenye foleni ya kupima kahawa mpaka watu wakawa wanamkwepa.

Tatizo, msomaji wangu, ni kwamba mwaka huohuo laini ya umeme ilikuwa inakuja kwetu. Kitongoji kikaitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchimba mashimo ya nguzo, kila kaya na shimo lake. Asiyetoka, anarukwa. Mimi nilikuwa darasa la saba, na sekondari niliitaka kuliko nguo ya Krismasi.

"Baba Neema, nenda ukachimbe na wenzio," mama alimsihi. "Hilo jua likija litukute na taa zetu. Kwani litakasirika?"

"Nichimbie mti utakaooza?" Baba akacheka. "Watu wanatengeneza jua kwa maji, Mama Neema! Mbozi hii tumekosa maji?"

Niliudhika mpaka nikabeba jembe mwenyewe. Wazee wakanirudisha, wakisema shimo la kaya huchimbwa na mwenye kaya.

Nguzo zikaja, zikafika kwa Mzee Simkonda, zikakata kona. Kwake taa ikawaka. Kwetu baba akaongeza sauti ya redio.

Sikuchaguliwa kwenda sekondari. Siwezi kuapa kwamba ni giza peke yake, maana hesabu zilinishinda hata mchana kweupe. Lakini kwa miaka mingi nilisema redio ilimdanganya baba. Siku hizi nazifuatilia habari hizo mwenyewe, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakudanganywa. Haidrojeni ni kweli, jua ni kweli, na wataalamu bado wanahangaika nalo, wakisogea kidogo kidogo. Huenda wajukuu zangu wataliona, na nitafurahi. Ila muda ambao kwa wataalamu ni mfupi, mimi umenitosha kukua, kuolewa na kuzaa. Baba aliniwazia umeme wa karne nzima. Mimi nilihitaji wa mwezi mmoja tu, kabla ya mtihani.