Kamba ya Mama Mkwe

Mama mkwe aliponiagiza nimuundie baiskeli ya kubebea mboga kutoka sokoni hadi kibanda chake, kwa sababu mgongo wake ulikuwa umekataa mizigo, nilisema "Sawa, mama" kabla sijafikiri. Fremu ya kuagiza huanza na kipimo cha kutoka kinenani hadi sakafuni. Mteja husimama wima, nami huchuchumaa mbele yake na futi.

Kwetu kijijini, upande wa magharibi, mtu na mama mkwe wake hata mikono hawapeani. Akija kwetu Tassia, mimi hukaa karibu na mlango nikijifanya nina shughuli nje. Leo nimchuchumalie? Heri nifunge karakana.

Ningemwomba mke wangu ampime, lakini hata kumtajia miguu ya mamake kulinishinda. Basi nikapata akili, au kitu nilichodhani ni akili: nikampima mke wangu. Kwenye picha ya harusi yetu kichwa chake na cha mamake viko sawa kabisa. Nikaamua kwamba na miguu iko sawa.

Pale karakanani Kaloleni nilizungushia bomba karatasi, nikachora mkato, nikakata kwa msumeno, kisha nikashika tupa. Mdomo wa bomba moja lazima ukumbatie mgongo wa lingine, na kati yao usipite hata mwanga. Nilipiga tupa, nikainua viungo dirishani, nikaona uzi wa mwanga, nikapiga tena. Uzi ulipokwisha nilimwita muuza chai wa jirani aje aone. Nilivimba kichwa kweli. Ndipo nikachomelea kwa shaba.

Nilimpelekea nyumbani kwake Lucky Summer Jumapili, wenzake wa kanisa wakiwa pale uani wanakunywa chai. Wakapiga vigelegele. Akapanda. Kiti nilikuwa nimekishusha hadi kikagusa fremu, lakini vidole vyake viliitafuta pedali ya chini na kuikosa. Akajaribu kushuka, ardhi ikawa mbali. Alianguka kwa ubavu, gauni likapanda juu.

Nami nikageuka, nikatazama ukuta.

"Woi! Leteni leso!" nilisikia nyuma yangu. "Mshikeni mkono huo!" Nilijiambia hiyo ni heshima. Uongo. Ulikuwa uoga mtupu. Mwanaume mzima nimekodolea macho mawe ya ukuta, huku mama niliyemwangusha mimi akiokotwa na wazee wenzake. Hata pole sikusema. Nilikokota baiskeli nikaondoka.

"Mama ana kiwiliwili kirefu na miguu mifupi," mke wangu aliniambia aliponifuata njiani. "Si ungeniuliza tu?"

 Siku zilizofuata, kila nikiiona ile fremu kwenye kona ya karakana nilitamani kuifunika gunia.

Kisha asubuhi moja mama mkwe akaingia mwenyewe, akichechemea.

"Karibu, mama," nilisema nikiitazama tupa.

Alitoa mkobani kamba ya katani yenye fundo, akaiweka juu ya meza, si mkononi mwangu.

"Nimejipima nyumbani, mlango nimefunga. Hapo kwenye fundo ndipo mguu wangu unaishia. Mgongo bado unauma, mkwe wangu, na mboga zinanihitaji. Kata."

Nikailaza kamba kando ya fremu. Ilipungua kwa upana wa kiganja kizima. Bomba la kiti lilikuwa refu mno, na kulifupisha ilibidi nikate kiungo kilekile nilichomwitia muuza chai. Niliweka msumeno juu yake, lakini macho yakajaa machozi. Nikalia mbele ya mama mkwe, aibu juu ya aibu.

Yeye akavuta stuli, akanigeuzia mgongo, akaketi akitazama ukuta.

"Kata tu, baba," alisema. "Sikuangalii."