Bibi Alivyoingia Kwenye Kikao cha Simu

Usiku ule nililala nimekaa. Sikupanga. Nilikuwa nimemgeuza Babu ubavu, nikamwekea mto mgongoni, nikasema ngoja nipumue kidogo hapa kwenye kiti ndipo nikaloweke mashuka. Basi, hapo hapo. Nilikuwa nimechoka mpaka meno.

Niseme kwanza mimi ni nani, msije mkanipotea. Naitwa Hemedi, wa hapa Korogwe, shule niliishia kidato cha pili. Tangu Babu apigwe na kiharusi, ni mimi ninayemwogesha, kumlisha na kumnyanyua. Wanawe wako mbali. Baba Mkubwa yuko Dodoma, Shangazi yuko Arusha, Baba Mdogo yuko Kanada huko kwenye baridi. Baba yangu alikuwa mmoja wao, naye ni marehemu. Kwa hiyo kila Jumapili tunakutana kwenye simu, kila mtu na kidirisha chake, tunaonana sura na kusikilizana. Baba Mkubwa hukiita kikao hicho mkutano kwa njia ya mtandao, na hukifungua kwa kukohoa, kama yuko ofisini kwake.

Kazi yangu mimi ni kushika simu nimwelekezee Babu. Nami ni mtu ninayependa mambo yapendeze. Kabla ya kikao namwosha, nampaka mafuta, namvalisha kanzu ya Idi, halafu nasimama upande wake ulio mzima, ule ambao mdomo haukupinda. Wote wanapiga kelele, "Mashallah, mzee kanawiri!" Nami nyuma ya simu nacheka kwa furaha.

Sasa, Shangazi alikuwa amenuia kuja kukaa nasi mwezi mzima ili nipumzike. Lakini kikao kilichopita Baba Mkubwa akasema, kwa hali hii tunayoiona, safari ya nini? Wakakubaliana waamue Jumapili inayofuata, na usiku ule ndio ulikuwa wa kuamkia hiyo Jumapili. Nami siku mbili nyuma mikono ilinilegea bafuni, Babu akaniponyoka, nikamdaka kwa goti. Sikumwambia mtu. Nilikuwa namngoja Shangazi kama mgonjwa anavyongoja kuche.

Basi nikajiona nimeshika simu. Ni mchana, lakini mchana usio na jua. Wamejaa wote kwenye vidirisha vyao, Baba Mkubwa anakohoa, Baba Mdogo ana koti kubwa, Shangazi anachambua mchele. Halafu naona kidirisha kimoja zaidi. Nikadhani ni mgeni kaingia kwa makosa. Nikakisogeza karibu na macho.

Ni Bibi.

Bibi yangu tuliyemzika mwaka juzi. Amejifunga kanga yake ya kijani, ameegemea mlango wa jiko, ananitazama kama mtu anayengoja umalize kutafuna ndipo aseme. Hakuna aliyeshtuka ila mimi. Midomo yake inakwenda, sauti haiji.

Baba Mkubwa akasema, "Kuna mtu kazima sauti. Awashe, tuendelee."

Bibi akasonya. Hata msonyo haukusikika, lakini ninaujua ule mdomo.

Simu ikaanza kuwa nzito. Kwanza kama jiwe la kusagia, kisha kama godoro lililolowa maji. Nikaishika kwa mikono yote miwili, nikaikumbatia, na nilipotazama tena haikuwa simu, ilikuwa ukuta wa nyumba yetu. Vile vidirisha vimekuwa madirisha ya kweli, na katika kila dirisha kuna mtu kaegemeza viwiko. Wanaongea wao kwa wao juu ya kichwa changu. "Mzee kanawiri." "Kanawiri kweli." Mimi niko chini uani, nimeukumbatia ukuta usianguke, na hakuna anayetazama chini.

"Shikamoo Baba Mkubwa," nasema. "Shikamoo Shangazi."

Wanatazama mbele tu.

Nikahisi mkono begani, mkavu, una harufu ya moshi wa kuni.

"Mume wangu," Bibi akasema. Ndivyo alivyokuwa akiniita tangu niko mdogo, na Babu akimsikia alikuwa akimwambia atamrudisha kwao. "Mume wangu mbona umekuwa nguzo?"

Nikaogopa. Kwetu husemwa, marehemu akikujia ndotoni akakuita, usimfuate, na akikupa chakula, usile. Nikatazama mikono yake. Haina kitu. Nikauliza kwa sauti ndogo, "Bibi, umemfuata Babu?"

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Huyo? Huyo bado hajaumaliza wali wake. Mwache." Kisha akaacha kucheka. "Nimekufuata wewe."

 Nikataka kuuacha ukuta nikimbie, na nikiuacha utamwangukia Babu, maana sasa namwona kwa ndani, amelala ubavu vilevile nilivyomlaza.

"Sikuja kukuchukua," akasema. "Nimekuja kukuangalia. Kila mtu ana dirisha. Lako liko wapi?"

Nikatazama juu. La Baba Mkubwa lile pale. La Shangazi. La Baba Mdogo, theluji inaingia ndani. La Babu limepambwa kwa kanzu. Nikazunguka nyumba nzima nikiwa bado nimeushika ukuta, sijui nilizungukaje, nikatafuta. Sikuliona. Nikamwambia, "Mimi ndiye ninayeshika, Bibi. Anayeshika haonekani."

"Na hiki kikao chenu kazi yake nini?"

"Walio mbali waonane."

"Enhe. Na wewe uko wapi?"

Nikataka kujibu niko hapa, niko karibu kuliko wote. Nikashangaa kwamba nalia. Tena si kilio cha heshima, ni cha kamasi, kama mtoto aliyenyang'anywa muwa.

Sasa tuko jikoni. Ukuta sijui nimeuweka wapi, mikono iko mitupu na inauma. Bibi ameketi kwenye kigoda, anachochea moto usiowaka. Ananitazama usoni, macho yake hayana haraka, na ninahisi nimechoka zaidi kwa vile kuna mtu anayeona kwamba nimechoka.

"Kule juu mlisema nani kazima sauti?" akauliza.

"Wewe, Bibi."

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyezimwa, tena na Mwenyezi Mungu, nami nimeridhika. Hata nikimwita mwanangu usiku kucha, hanisikii." Akauchochea tena ule moto. "Wewe yako nani kakuzimia?"

 Akainuka, akanifuta uso kwa pindo la kanga, kwa nguvu, vile alivyokuwa akitufuta tukiwa tunakwenda madrasa. Nikafumba macho niusikie vizuri ule mkono.

Nilipoyafumbua nilikuwa kwenye kiti. Shingo imekakamaa, uso umelowa kweli. Babu anakoroma taratibu. Muadhini alikuwa anamalizia. Niliswali, na kwenye dua nikasema maneno machache tu, kwa kuwa maneno mengine niliogopa nisije nikayamalizia hapo, Shangazi asiyasikie.

Sikungoja kikao. Nilimpigia Shangazi, nikaweka ya picha. Akapokea na kilemba cha kulalia, jicho moja limefumba.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Alfajiri yote hii, Hemedi, umeota nini? Baba mzima?"

"Mzima. Amelala."

"Basi mbona simwoni? Nageuziwa dari hapa."

Kweli, nilikuwa nimeielekeza juu kwa woga. Nikaishusha mpaka ikanifika usoni. Akafumbua na lile jicho la pili.

"Shangazi," nikasema, "nimechoka. Juzi Babu aliniponyoka bafuni. Nilimdaka, hakuumia, lakini sijui kama nitamdaka tena. Upande wa kushoto bado haujarudi hata kidole. Nilikuwa siwaonyeshi kwa sababu mlikuwa mnafurahi."

Uso wake ukaganda kwenye kioo. Nikadhani mtandao umekata.

"Upo, Shangazi?"

"Nipo." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Umekuwa hivyo tangu lini, baba? Hayo mashavu yameenda wapi?"

"Sijui. Sijitazami."

Akavuta pumzi. Picha ikacheza, nikaona dari ya kwake, kisha mlango wa kabati, kisha mkono wake unaburuta begi kutoka uvunguni.

"Kikao cha leo nitakiingilia ndani ya basi," akasema. "Baba Mkubwa wako akianza kukohoa, usimwelekezee mzee simu. Ishike wewe, jielekezee mwenyewe hivyohivyo, umwambie ulichoniambia mimi. Usipunguze neno."

"Nitaweza, Shangazi?"

"Mbona mimi umeniweza," akasema, "na bado sijapiga hata mswaki."