Mje Kusoma

Siku yangu ya kwanza kazini wilayani Kasulu, nilisimama mbele ya wanakijiji wa Makere nikatangaza kwa kujiamini, "Kesho alasiri wote mje kusoma. Mkubwa wangu anakuja kuwatazama." Ilikuwa miaka ya sabini, nami mratibu wa kisomo, yaani yale madarasa ya watu wazima ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Nilitoka Tanga, Kiha, lugha ya huko, sikijui hata salamu.

Kesho yake nilifuatana na Afisa Elimu ya Watu Wazima, mtu asiye na mzaha, ambaye neno lake moja lilitosha kufunga darasa. Tukakuta watu wamejaa, ubao umeegemezwa ukutani, na katikati chungu cha pombe ya ndizi kimechomekwa mirija. Niliona aibu.

"Hili darasa au kilabu?" Afisa aliuliza. "Nalifunga leo."

Mama Sabina, mwenyekiti wa kamati ya darasa, aliinuka taratibu. "Bwana mkubwa, mwalimu huyu katuita gusoma. Na sisi tumekuja gusoma."

Watu wakacheka. Dereva wetu, Muha wa Kibondo, akaninong'oneza kwamba kwao neno hilohilo, gusoma, ni kusoma kitabu na ni kunywa pombe. Afisa hakucheka. Akaagiza kwamba darasa likitaka kubaki, kamati ikutane ofisini kwa katibu kata, bila chungu.

"Ofisini tutaingia wangapi?" Mama Sabina aliuliza. "Hapa penye chungu ndipo tulipomchagua anayetufundisha, na saa ya darasa tukapanga. Kila mtu alisikia. Mkishafunga mlango, sisi wengine tutajuaje mmesemaje?"

Afisa akaomba chaki, akafundisha yeye mwenyewe. Garini aliniambia, "Andika darasa linaendelea. Usiniulize linaendelea na nini."

Baadaye nilihamishiwa Kibondo, nikasimamia kamati nyingi zilizokutana ofisini, mlango umefungwa. Mengi ya humo sikuyaelewa, na madarasa yalikufa bila mtu kusema sababu. La Makere, penye chungu, liliendelea. Hadi leo sijui siku ile walinielewa vibaya au walinitania tu.

Nilipostaafu, Mama Sabina, ajuza sasa, alinitumia karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: "Mwalimu, njoo usome." Niliisoma na kuirudia, nisijue ananiitia lipi. Nikatia miwani mfukoni, nikachukua na mrija, nikaenda.