Kaburi Lililoota Mtama

Kuna aibu ambazo mtu akizeeka huzisimulia akicheka, na hii yangu nimejaribu kuicheka miaka mingi lakini kicheko chenyewe kinagoma katikati. Ila kwa kuwa mmeniuliza kwa nini hapa Mnyambe nikitaja neno mjomba wazee wenzangu hutazama chini, basi kaeni niwaambie, na anayetaka kunicheka anicheke, hatakuwa wa kwanza.

Ilikuwa wakati wa Mjerumani, mwaka ule wa vita vya Maji Maji. Habari zilipanda kutoka Masasi kwamba askari wakifika kijijini hawapigani na watu tu, wanapigana na chakula: ghala linachomwa, shamba linafyekwa, jiko linateketea pamoja na mbegu iliyoning'inia juu yake. Na mbegu yetu ilikuwa hapo hapo juu ya jiko, masuke ya mtama yamefungwa kamba, yamepigwa na moshi mpaka yakawa meusi na wadudu hawasogei. Mtama ule ulikuwa wa mama yangu, Binti Likwata, na kabla yake wa mama yake, maana kwetu Wamakonde mambo kama hayo hufuata tumbo la mama. Ulikuwa mfupi, mweupe, mvumilivu wa jua. Mama aliupanda pamoja na kunde, mbaazi akaziweka pembeni, na kila mara kipande kimoja cha shamba alikiacha kirudi kichaka kipumzike. Mume wangu alikuwa amekamatwa kubeba mizigo ya askari, hatukujua yuko wapi, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi na mama na mwanangu Issa mgongoni, na mtama ule.

Mama akaniambia, "Mama Issa, mbegu itoke jikoni leo. Itie kwenye vibuyu, ziba midomo kwa nta, kaifiche kule kichakani."

Nikaitika. Sasa sikieni uamuzi wenyewe, maana ulikuwa mdogo tu. Nta ilikuwa imetuishia, kichakani ni mbali, tena chui alikuwa amesikika huko, nikajiambia kwa nini nihangaike, si nichimbe hapa hapa nyuma ya nyumba, niifunge mbegu kwenye mkeka, niifukie juu juu na kurundika tuta refu kama kaburi, askari gani atafukua kaburi la mtu? (Nilijiona nina akili kuliko mama yangu, na kuliko Mjerumani pia.) Nikapukuchua mtama wote, nikauchanganya na majivu, nikaufukia. Ndiyo kwanza nalisawazisha tuta kwa mikono, nikasikia hodi.

Alikuwa jirani yangu Mama Zuhura, na angekuwa peke yake ningemwambia kweli na mkasa ungeishia hapo. Lakini nyuma yake alikuja tarishi wa akida, yule aliyekuwa akizunguka kuangalia nani ana nini ili akawaeleze wakubwa zake. Mama Zuhura akatazama tuta, akatazama mikono yangu, akaanza kulia kabla sijasema kitu.

"Mama Issa, nani?"

Nikasema, "Mjomba." Ndilo lililonijia. "Alikuja jana anakimbia vita, alfajiri akatutoka. Tumemzika wenyewe kwa hofu."

Wenzangu, ningesema shangazi labda ingekuwa afadhali. Kwetu mjomba ndiye mkubwa wa tumbo, yaani wa ukoo wote wa mama, mjomba hafi kimya kimya. Jua halijapanda vizuri uwanja ulishajaa watu, na mama yangu, aliyekuwa amekwenda porini kuchimba ming'oko, vile viazi mwitu vya njaa, akarudi na kukuta anapewa pole ya kaka asiyemjua. Alinitazama mara moja tu. Akamwona tarishi. Akaketi chini, akajifunika kanga, akalia, na mpaka leo sijui alilia uongo au alikuwa ameshaona mwisho wake.

Mwalimu Selemani, aliyekuwa akitusalisha, akaniita pembeni. "Mlimwosha?"

Nikasema hatukuwa na maji, tulimtayamamisha kwa mchanga. Nilidhani nimejibu vizuri. Kumbe hapo ndipo nilipojimaliza. Mwalimu akawageukia watu akasema huyu mzee ameondoka bila kuoshwa, basi angalau kaburi lake linyweshwe vizuri, kila mwenye uwezo alete maji.

Mnaijua nchi yetu ya juu huku. Maji ni kuteremka bondeni na kupanda na mtungi kichwani mpaka miguu itetemeke, na mwaka ule wa njaa kupanda kwenyewe kulikuwa kazi ya kufa. Wakateremka. Wanawake ambao siku nyingine wangegombana nami kwa kata moja ya maji walipanda na mitungi, wakamimina polepole kwa heshima kutoka kichwani mpaka miguuni mwa mjomba, na mimi nikiyaona maji yanazama kwenye mbegu ya mama yangu. Nikapiga yowe. Nikajitupa juu ya tuta nikalikumbatia, nikawaambia yatosha, jamani yatosha, nao wakaninyanyua kwa upole wakisema kweli huyu alimpenda mjomba wake, wakamimina tena.

Nilikuwa nimepanga wakiondoka tu nifukue nianike. Hawakuondoka. Matanga ni matanga, walilala kwetu, na kila aliyechelewa habari alifika na mtungi wake, na tarishi naye akakaa, nadhani alingoja aone tutawapa watu chakula gani, ajue tumekificha wapi. Hatukuwapa kitu. Walilala njaa uwanjani kwetu kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, na mimi nililala katikati yao.

Siku ya kuondoa matanga watu wakasimama kulizunguka kaburi, Mwalimu akaanza dua. Akafika katikati akanyamaza. Nami nikaona alichokiona: vijani vyembamba vya kijani vimetokeza kwenye tuta lote, kutoka kichwani mpaka miguuni.

Tarishi akaingiza fimbo yake akafukua kidogo. Harufu ya mbegu iliyooza ikatoka. Akacheka mpaka akashika magoti. "Mama Issa, mjomba wako huyu ni wa kupika ugali?" Kisha akaondoka zake, hakunikamata, na askari hawakuja kutuadhibu, maana kulikuwa hakuna tena cha kuchoma.

Wengine hawakucheka. Mama Zuhura alisimama na mtungi wake mtupu. "Maji yale niliyamwaga hapa," akasema, "na mwanangu nilimwacha na kiu." Waliondoka mmoja mmoja bila kuniaga. Afadhali wangenitukana, ningekuwa na la kujibu.

Mama akapiga magoti, akafukua. Juu ilikuwa imeota, chini imeoza. Alichambua punje moja moja mpaka jua likazama, akitafuta hata konzi moja kavu, na nilipotaka kumsaidia akausukuma mkono wangu. Zile chache alizoziokoa tulizipanda mvua ilipoanguka. Hazikuota. Hakuna aliyetupa mbegu, na sikuthubutu kwenda kuomba, ningeanzia wapi? Tuliishi kwa ming'oko na majani. Mama ndiye aliyedhoofika kwanza, kwa sababu chake alikuwa akimpa Issa, na alifariki wakati mashamba ya wenzetu yanaanza kutoa masuke.

Nikapiga yowe asubuhi ile. Hakuna aliyekuja. Nikapiga tena. Baadaye nikawaona wamesimama mpakani mwa shamba, Mwalimu, Mama Zuhura na wengine, hawasogei. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuchimba, Issa mgongoni.

Mwalimu akauliza kwa mbali, bila ukali wowote, "Mama Issa, safari hii ni mtu?"

Niliingia ndani, nikamburuta mama yangu kwenye mkeka mpaka mlangoni, nikamfunua wamwone. Hapo ndipo walipokuja wakachukua jembe mikononi mwangu.

Mbegu ninayopanda sasa niliinunua Newala. Ni nyekundu, ina uchungu kidogo, na ugali wake mama asingeutia mdomoni. Mtama wake haupo tena popote, nimeshaacha kuuliza. Kila nikivuna hupeleka konzi ya mbegu kila nyumba jirani, hata kwa wasionipenda, isije ikalala tena sehemu moja chini ya mkono wa mjinga mmoja. Na tangu siku ile, nikifiwa, humfunua maiti wangu uso mwenyewe, kabla mtu hajaniuliza.